Sura ya Tano: Sheria Iliyobadilika Bila Tangazo

Mwanafunzi wa Kitanzania anayeripoti chuo kikuu mwezi wa kumi amekwisha kufanya kazi ngumu ambayo wahadhiri wake wengi hawaihesabu. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili: sayansi kwa Kiswahili, hisabati kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu kwenye ratiba. Akaingia kidato cha kwanza, akapewa majuma machache ya kozi ya awali ya Kiingereza, kisha karibu kila kitu kikageuka. Chembe hai aliyokuwa akiichora darasa la sita ikapewa jina jingine, na huenda hakuna aliyemwambia kuwa ni ile ile. Nazungumzia walio wengi, waliopita shule za serikali. Wa shule za Inglishi midiamu nitawafikia baadaye, maana nao wana yao.

Alivukaje pale? Kwa kunakili na kukariri. Mwalimu alieleza somo kwa Kiswahili, kwa mifano ya mtaani iliyoeleweka, kisha akageuka ubaoni na kuandika notisi kwa Kiingereza. Mwanafunzi alizinakili, akazishika kichwani usiku kwa usiku, na siku ya mtihani akazirudisha kama zilivyo, koma kwa koma. Mtihani ukamlipa. Akapata daraja zuri kidato cha nne, akapata daraja zuri kidato cha sita, na bodi ya mikopo ikamkubalia. Kwa miaka sita nchi nzima ilimwambia kwamba kuandika vizuri kwa Kiingereza maana yake ni kurudisha kwa uaminifu maneno ya mtu mwingine.

Anafika chuoni na kupewa swali la kwanza la kozi wek. Anakwenda maktaba au mtandaoni, anapata maandishi yanayohusu mada hiyo, anachagua aya bora kabisa na kuzipanga kwa uangalifu. Amefanya kile kile kilichomfikisha hapo, tena safari hii kwa bidii zaidi. Kazi inarudi na sifuri, na juu yake imeandikwa kwamba ameiba. Sheria imebadilika na hakuna aliyeitangaza.

Hiyo ndiyo hoja ya sura hii. Tunapolalamika kwamba wanafunzi wetu hawajui Kiingereza, mara nyingi tunalalamikia kitu kingine tusichokitaja. Kiingereza chao kina matatizo, sibishi. Lakini hata tukiwasahihishia kila kitenzi, bado hawatajua kwamba insha ya chuo kikuu inataka msimamo unaotetewa kwa ushahidi, na kwamba kazi ya wengine hutajwa ili kujenga hoja yako, si kuziba nafasi yake. Mambo hayo hayamo kwenye kitabu cha sarufi.

Ushahidi mzuri uko ndani ya nyumba yetu wenyewe. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu 1970, na leo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili watu huandika tasnifu kwa lugha wanayoiota usiku. Muulize msimamizi yeyote wa tasnifu hizo. Mapitio ya machapisho huja kama orodha: fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile, fulani akaongezea, na mwandishi mwenyewe haonekani popote. Lugha ni yao, sarufi haina doa, na tatizo ni lile lile. Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliliona jambo hili Ufaransa katikati ya miaka ya 1960, kwa wanafunzi Wafaransa waliosoma kwa Kifaransa: lugha ya kitaaluma hakuna anayeinyonya kwa mama yake. Kwa mwanafunzi wetu tofauti ni kwamba anajifunza mambo mawili mageni kwa wakati mmoja, na anaambiwa kuwa ni moja.

Sasa wale wa Inglishi midiamu. Wanaingia semina wakiongea bila kukwama, mhadhiri anafurahi, na wenzao wa shule za kata wanainamisha vichwa. Zinapokuja kazi za kuandika, mhadhiri anashangaa: aliyekuwa akiongea kama redio ameandika kurasa nne zisizo na hoja. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alitenganisha mambo haya mwaka 1979. Kuna ufasaha wa mazungumzo, ambao mtoto mhamiaji huupata kwa takriban miaka miwili, na kuna uwezo wa kutumia lugha kusomea na kufikiria mambo yasiyo mbele ya macho, ambao humchukua miaka mitano hadi saba, wakati mwingine zaidi. Cummins alikuwa akiwatazama watoto waliozungukwa na Kiingereza kutwa nzima, shuleni na barabarani. Wetu akitoka darasani anarudi kwenye Kiswahili, na haki yake. Ikiwa mtoto wa Toronto anahitaji miaka saba, kumshangaa kijana wa Nzega aliyesoma kwa notisi za ubaoni ni kukosa adabu.

Vyuo vyetu havikukaa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, na leo ni nadra kupata chuo kikuu nchini kisicho na kozi ya namna hiyo kwa mwaka wa kwanza. Nia ilikuwa njema. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipopima wanafunzi wa Tanzania kuanzia sekondari hadi chuo kikuu, walikuta kwamba hata chuoni ni wachache tu walioweza kusoma kwa wepesi vitabu vya masomo yao. Pamoja na matokeo hayo, walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia. Miaka miwili kabla, Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza kinyume chake, kwamba sekondari ianze kuhamia Kiswahili mwaka 1985 na vyuo vifuate mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikuutekeleza ushauri wa tume yake. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, na walimu wa sekondari wanajua wenyewe mlango huo uliishia wapi.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini sekondari ingefundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza kikafundishwa vizuri kama lugha. Lakini mwanafunzi aliyeketi leo kwenye ngazi za Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani hawezi kusubiri tume nyingine, naye ndiye ninayemwandikia sura hii.

Tatizo la kozi ya stadi za mawasiliano ni mahali ilipowekwa. Inafundishwa na mwalimu wa lugha, mbele ya mamia ya wanafunzi wa fani zote, muhula mmoja au miwili, kisha imekwisha. Mwanafunzi wa uhandisi anafundishwa kuandika barua ya maombi ya kazi na namna ya kuchukua notisi, anafanya mtihani wa kuchagua majibu, anafaulu. Akirudi idarani kwake anakuta ripoti ya maabara, kitu ambacho mwalimu wa lugha hakukigusa kwa sababu si fani yake, na mhadhiri wa uhandisi hakielezi kwa sababu anadhani kilishafundishwa kule.

Mary Lea na Brian Street waliandika makala mwaka 1998 kuhusu vyuo vya Uingereza ambayo bado inatufaa. Walionyesha kwamba kuna namna tatu za kulitazama tatizo la uandishi wa mwanafunzi. Ya kwanza humwona mwanafunzi kama mwenye upungufu wa stadi fulani: mtibie sarufi, mambo yataenda. Ya pili humwona kama mgeni anayepaswa kuzoezwa desturi za wenyeji. Ya tatu huuliza maswali juu ya wenyeji wenyewe: desturi hizo ni zipi, nani aliziweka, na kwa nini zinatofautiana kutoka idara hadi idara? Kwani zinatofautiana kweli. Mwanafunzi yule yule anaambiwa na mhadhiri wa sosholojia aeleze yeye anasimama wapi, na jioni yake mhadhiri wa uchumi anamkata alama kwa kutumia nafsi ya kwanza. Wote wawili wanamwambia aandike kitaaluma. Vyuo vyetu, kwa sehemu kubwa, vimebaki kwenye ile namna ya kwanza.

Wakati huo huo wanafunzi wamejijengea mfumo wao, nao ni madesa. Asiyepita chuo huenda neno halijui: ni notisi, mihtasari na majibu ya mitihani iliyopita, vinavyotoka mwaka wa tatu kwenda mwaka wa kwanza, vikirudufiwa kwenye steshenari zilizojipanga nje ya geti au, siku hizi, vikirushwa kwenye kundi la WhatsApp. Wahadhiri huyalaani madesa kama chanzo cha uvivu. Mimi nayasoma kama malalamiko. Mwanafunzi anatafuta kitu kimoja ambacho chuo hakijampa, yaani kuona kwa macho yake jibu zuri linafananaje.

Hapa ndipo kazi ya John Swales inapoingia. Swales ni Mwingereza aliyefundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Khartoum miaka ya 1970, kwa vijana wa Kisudani waliokuwa wakifikiri kwa Kiarabu na kusoma kwa Kiingereza. Badala ya kuwarudisha kwenye sarufi tu, alichambua maandishi yenyewe waliyotakiwa kuyasoma na kuyaandika. Alichukua tangulizi za makala za kisayansi na kuuliza: kila sentensi hapa inafanya kazi gani? Matokeo ya mwanzo aliyachapisha 1981, akayaboresha katika kitabu chake cha 1990, na leo yanafundishwa duniani kote. Utangulizi wa makala, alisema, hupiga hatua tatu. Kwanza unaonyesha uwanja: hapa kuna jambo muhimu na haya ndiyo yanayojulikana. Pili unaonyesha pengo: lakini hili halijajibiwa, au limejibiwa vibaya. Tatu unaliziba: mimi nitafanya hivi.

Ili tuone jinsi hatua hizo zinavyofanya kazi, tuchukue mfano wa karibu. Tuseme mwanafunzi wa Zanzibar anaandika pendekezo la utafiti juu ya wakulima wa mwani wa Paje. Nimesoma mapendekezo mengi ya namna hii na utangulizi wake naweza kuutabiri nikiwa nimefumba macho. Unaanza na maana ya mwani kutoka kwenye kamusi. Unafuata mwani duniani, kisha mwani Asia, kisha mwani barani Afrika, kisha mwani Afrika Mashariki, kisha mwani Tanzania, na ukurasa wa tano ndipo unapotia nanga Zanzibar, ukieleza kwamba ni visiwa vilivyopo katika Bahari ya Hindi. Msomaji amechoka na swali la utafiti bado halijaonekana. Mwanafunzi hakuzembea. Aliazima tasnifu za waliomtangulia, akaona wote wameshuka ngazi hizo hizo, naye akashuka.

Sasa mpe hatua tatu. Uwanja: kilimo cha mwani kimefanyika kibiashara Zanzibar tangu 1989, wakulima walio wengi ni wanawake, na aina iitwayo cottonii ina bei nzuri kuliko spinosum ila haistahimili joto, hivyo hufa maji ya kina kifupi yanapopata moto. Mistari mitano inatosha. Pengo: mojawapo ya njia zilizopendekezwa ni kuhamia maji ya kina kirefu, lakini huko kunahitaji mashua na kujua kuogelea, na mwanafunzi, baada ya kusoma, ameona kwamba tafiti alizozipata zimeupima mmea na maji kuliko zilivyomuuliza mwanamke anayetakiwa kuhama. Kuziba: atawahoji wakulima wa vijiji viwili, waliohama na waliokataa, ajue kilichowaamulia. Ukurasa mmoja. Maana ya kwenye kamusi imetoweka yenyewe, na jiografia ya Bahari ya Hindi imeondoka bila kusukumwa.

Somo hilo huchukua nusu saa. Makala ya Kiingereza iko mbele ya kila mtu, maelezo ni kwa Kiswahili, na kila mwanafunzi anapiga mstari chini ya sentensi inayotangaza pengo. Mara nyingi wanagundua kwamba wamekuwa wakisoma makala kwa miaka miwili bila kujua kuwa sentensi hiyo ipo. Wapo watakaosema huku ni kuwafundisha kufuata kalibu. Ni kweli, na fundi aliyeizoea kalibu ndiye anayeweza kuivunja kwa makusudi.

Kuhusu hayo maelezo kwa Kiswahili nataka kusema wazi, kwa sababu vyuo vingine huyachukulia kama kosa la nidhamu. Katika mabweni ya Mabibo na kwingineko wanafunzi wanajadiliana kwa Kiswahili. Huko ndiko hoja zinakopikwa. Anayewakataza wasifikiri kwa Kiswahili anawakataza kufikiri. Cen Williams, mwalimu wa Wales, aliipa jina mwaka 1994 desturi ya kusoma kwa lugha moja na kutoa kazi kwa nyingine kwa makusudi, na tangu hapo wataalamu wengi, wa Afrika Kusini wakiwamo, wameijengea nadharia. Sisi tumekuwa tukiifanya kwa kujificha. Tahadhari ni moja: usiandike insha nzima kwa Kiswahili kisha ukatafsiri sentensi kwa sentensi. Sentensi yetu inaruhusu vishazi kufuatana kwa *ambaye* na *ambacho* hadi chini ya ukurasa. Ikihamishwa nzima nzima, Kiingereza kinazama. Andika kwa Kiswahili dai lako, sababu zako na ushahidi wako, kwa mistari mifupi. Kisha funga daftari na uandike kwa Kiingereza.

Msamiati nao una mtego wake. Istilahi za fani si mzigo mkubwa kama tunavyodhani. Neno la usanisinuru kwa Kiingereza mwanafunzi amelijua tangu sekondari. Anakwama kwenye maneno ya katikati, yale ya kukisia, kulinganisha, kukubali nusu na kutoa sababu, ambayo hayamo mtaani wala kwenye faharasa ya kitabu. Averil Coxhead wa New Zealand aliyakusanya mwaka 2000 katika familia 570, na akaonyesha kwamba yanabeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Orodha hiyo inapatikana bure mtandaoni. Mwanafunzi aibandike ukutani, na akutane na kila neno ndani ya kitabu cha fani yake, kwa maana orodha ikikaririwa peke yake inageuka desa jingine.

Tukija kwenye masahihisho, wahadhiri watanisamehe. Kalamu nyekundu inayofuata kila kosa la sarufi kuanzia mstari wa kwanza humchosha anayesahihisha na humfundisha kidogo anayesahihishwa. John Truscott alikwenda mbali zaidi mwaka 1996 akadai masahihisho ya sarufi katika uandishi wa lugha ya pili yaachwe kabisa. Dana Ferris alimjibu 1999, na ubishi haujaisha. Mimi niko katikati. Lakini nimeona wanafunzi wakirudishiwa karatasi yenye damu tupu, wakarekebisha koma zote na kuiacha hoja mbovu ilivyokuwa, kwa sababu juu ya hoja hapakuandikwa kitu. Chagua makosa mawili, si arobaini. Na maoni yatoke kwenye rasimu, kabla ya alama, kwa kuwa alama ikishawekwa hakuna anayesoma kilichoandikwa pembeni.

Utasema una wanafunzi mia tatu. Basi usisome insha mia tatu. Omba ukurasa wa kwanza tu, soma thelathini kati yake, na uje darasani na matatizo matatu yaliyojirudia. Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa na kituo cha uandishi tangu miaka ya 1990, ambako mwanafunzi huketi na mshauri na kujadili rasimu yake. Mshauri hamsahihishii, humuuliza maswali hadi mwenyewe aone. Washauri wa namna hiyo wanaweza kuwa wanafunzi wetu wa uzamili, wanaozurura korido wakitafuta vibarua.

Limebaki suala la wizi. Rebecca Moore Howard, Mmarekani, alianza miaka ya 1990 kutetea wanafunzi wanaochukua sentensi za kitabu na kubadilisha neno hapa na pale: hao, alisema, mara nyingi hawaibi, wanajifunza lugha wasiyoimudu bado, na hatua hiyo lazima ipitiwe. Nakubaliana naye, hasa kwa mtu aliyelelewa na notisi za ubaoni. Programu zinazotoa asilimia ya ufanano hazijui tofauti hiyo. Zimewafundisha wanafunzi kubadilisha maneno hadi asilimia ishuke, stadi isiyo na faida popote duniani. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mambo yamegeuka tena: mashine inaandika Kiingereza safi, na mhadhiri aliyezoea kutoa alama kwa usafi wa sarufi hana tena cha kupima. Anakimbilia programu za kubaini kazi za akili mnemba. Hapo ajihadhari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo mwaka 2023 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote bila kuguswa. Msamiati mwembamba na sentensi za tahadhari, ambavyo ndivyo alivyo navyo mgeni wa lugha, kwa programu hizo ni dalili ya hatia. Anayemfikisha mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu kwa ushahidi huo peke yake anamwonea.

Kwa hiyo, mhadhiri mwenzangu wa historia, wa kilimo, wa uhasibu: usisubiri kitengo cha lugha. Muhula ujao, kabla hujatoa swali la kwanza, tafuta jibu moja zuri la mwaka jana, omba ruhusa ya aliyeliandika, futa jina, ligawe kwa wote. Tumia kipindi kimoja, kwa lugha yoyote wanayoielewa, kuwaonyesha dai liko wapi, ushahidi uko wapi, na mwandishi amewataja wengine kwa sababu gani. Kisha waambie, kwa kinywa chako, kwamba kurudisha notisi zako neno kwa neno hakutawapa alama tena. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.